Madam Hakuweka Rezista

Mtu anayefundisha tanakali za sauti si wa kumwachia asimulie habari ya spika kuungua. Nalisema hili nikijua Mwalimu wa Kiswahili atalisoma, maana ndiye aliyerusha kwenye kundi la walimu jana usiku ile sauti aliyojirekodi akisimulia sherehe yetu ya kipaimara, na kulipokucha ilikuwa imeshapanda mpaka Machame kwa mama mkwe wangu. Humo ndani kuna "puu", kuna "tih", kuna "chwaaa" ndefu ambayo sijui ameitoa wapi, kuna Bibi kuzimia na kuna turubai kushika moto.

Tunyooshe mambo. Bibi hakuzimia. Bibi alikaa, kwa hiari yake, kwa kuwa kiti kilikuwa nyuma yake na umri anao. Turubai limerudi kwa mwenyewe likiwa zima. Ndafu haikuungua, na wewe Mwalimu unajua haikuungua, kwa sababu ulirudi kwenye foleni ukidai sahani ya kwanza umempa mtoto wa jirani. Kilichoungua ni spika moja. Na transista, lakini hizo zilikuwa ndani ya boksi, hakuna aliyeziona, kwa hiyo sizihesabu.

Kwa mliojiunga karibuni: mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari, hapahapa Moshi. Hapo ndipo panapouma. Ningekuwa fundi cherehani watu wangesema maskini, alijitahidi. Lakini ni mimi ninayewaandikia watoto V = IR ubaoni kila mwaka, ninayewakatia alama mtu akisahau kuandika kizio.

Kipaimara kilikuwa cha mtoto wa Dada, kule Pasua. Mtoto namfundisha mwenyewe, Kidato cha Tatu, kwa hiyo darasa lake lote lilialikwa, wakapangwa meza mbili karibu kabisa na jukwaa, wavulana wamevaa suti za kaka zao. Hizo meza mbili mziweke akilini, tutazirudia.

Sasa Shemeji, mume wa Dada, ana msimamo mmoja maishani: hakodi kitu ambacho anacho. Viti alikodi kwa kuwa hana. Turubai alikodi, kwa kulalamika. Ila mziki alikataa katakata, kwa kuwa anayo amplifaya. Aliinunua zamani alipotaka kufungua baa Majengo. Dada akamwambia achague kati ya baa na ndoa, akachagua ndoa baada ya kufikiri, amplifaya ikaishia stoo chini ya magunia ya mbegu. Boksi la chuma, zito, linabebwa na watu wawili. Upande wa kushoto unaimba, upande wa kulia umekufa.

"Shemeji," akaniambia, "haya si ndiyo mambo yako?"

Alisema mbele ya wakwe zake na ndugu zake wote, kwenye kikao cha maandalizi, karatasi ya michango ikiwa mezani. Ningesema nini? Nikasema, "Jambo dogo hilo, shemeji." Mweka hazina wa kikao akafuta mstari wa mziki kwenye bajeti hapohapo, kwa kalamu nyekundu.

Nikaifungua. Upande wa kulia transista zote za kutolea sauti zilikuwa zimekufa, zile nyeusi pana zinazofungwa kwenye bapa la alumini la kupoozea. C5200 na mwenzake A1943. Muulize fundi yeyote wa mziki mjini hapa, hizo namba anazitaja usingizini. Pembeni yake kulikuwa na rezista nne nyeupe za mstatili, zile zinazoonekana zimefinyangwa kwa saruji, zimeandikwa 5W0R22J. Maana yake wati 5, ukinzani wa omu 0.22, ikipungua au ikizidi ni ndani ya asilimia 5. Zote zimepasuka. Na fyuzi ilikuwa imeviringishiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Fyuzi niliikuta hivyo. Hilo naomba mtu alirushe kwenye kundi la walimu pia.

Kwa wale mliokimbia fizikia mkaenda kusoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, hapa ndipo mnapotakiwa kunielewa. Rezista ni kitu cha miguu miwili. Umeme unaingia mguu mmoja unatokea mwingine, njiani unabanwa, na nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Basi. Haina mbele wala nyuma, ukiichomeka kinyume haijui. Transista ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Umeme mkubwa unataka kupita kati ya kolekta na emita, lakini haupiti mpaka beisi ipate umeme wake kidogo, na hicho kidogo kikiongezeka au kupungua, ule mkubwa unafuata. Wachaga wenzangu wafikirie mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Kule juu kwenye banio, mtoto anatoa bonge moja la udongo kwa mkono, na migomba ya ukoo mzima huku chini inapata maji. Mkono wa mtoto ndio beisi. Rezista ni pale njiani mfongo unapopita katikati ya mawe mawili: hapaamui chochote, panabana tu.

Kwa hiyo nauliza, kati ya hivyo viwili, ungependa kipi?

Mimi transista naipenda tangu nikiwa mwanafunzi. Iko kwenye mada ya elektroniki ya Kidato cha Nne, lakini nawaonjesha wa Kidato cha Tatu mapema kwa sababu siwezi kujizuia. Nawasimulia Bell Labs, New Jersey, Desemba 1947: John Bardeen na Walter Brattain na kipande chao cha germaniamu, karatasi ya dhahabu imebanwa juu yake, sauti inaingia ndogo inatoka kubwa. Nawasimulia bosi wao William Shockley alivyokereka kwamba hawakumhesabu, akajifungia akabuni ya kwake ya aina nyingine, na mwaka 1956 wote watatu wakapewa Nobel pamoja. Nawaambia simu zenu hizo mnazozificha kwenye soksi zina mabilioni ya transista. Darasa linakuwa kimya hadi raha.

Rezista naipa robo ya kipindi. Kariri rangi za pete zake, kila rangi na namba yake: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, tuendelee. Na ajabu ni kwamba Georg Ohm mwenyewe alikuwa akifundisha sekondari kule Cologne, Ujerumani, na sheria yake, ndiyo hiyo V = IR, akaichapisha mwaka 1827. Mwenzangu kabisa wa chaki. Mwenzangu huyo sikumpa heshima yake.

Basi nikaenda mjini, mitaa ile ya spea karibu na Mbuyuni. Transista nilizinunua kwa umakini ambao sijawahi kuutumia hata kwenye kuchagua mume. Nilimwambia muuzaji kopi sitaki. Nikazigeuza kwenye mwanga, nikasoma maandishi, nikazipima moja moja kwa mita ya umeme mbele ya wateja wengine, nikitaja kwa sauti, "beisi na emita, volti 0.6, sawa… hii nayo sawa…" Kijana mmoja aliyekuja kununua waya wa antena akaniuliza kama natengeneza redio za chuo kikuu. Nikatabasamu tu.

"Na rezista za 0.22, wati tano, nne."

"Zimeisha, Madam. Njoo Jumatatu."

Sherehe ni Jumapili.

Hapo pia kulikuwa na nafasi ya kunusurika. Hatua chache kutoka pale kuna mzee mmoja fundi redio, meza yake ipo barazani, ningemsalimia shikamoo, ningemuuliza, angenipa. Lakini ningemuuliza nini? Mwalimu wa fizikia aombe rezista barazani, watoto wa shule wanapita? Nikapanda daladala.

Nyumbani nikakaa nazo zile zilizopasuka mezani, nikafikiri. Omu 0.22. Nikachukua mita ya maabara, nikagusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe, bila kitu chochote katikati. Ikasoma 0.3.

Mnaona mtego ulivyotegwa? Waya za mita yangu zina ukinzani mkubwa kuliko rezista ninayoitafuta mji mzima! Nikacheka peke yangu. Nikasema hii si rezista, huu ni urembo. Kiwanda kilikuwa na rezista zimebaki, kikaziweka. Nikakata vipande vinne vya waya wa shaba, nikavikunja vizuri kwa koleo, nikavichomelea kwa risasi pale pale zilipokuwa rezista. Kazi safi, inang'aa. Nikapiga na picha. Picha hiyo nimeshaifuta, msinitafute.

Jumamosi usiku tukajaribu. Kwaya, sauti ya wastani, maana jirani ana mtoto mchanga. Upande wa kulia ukaimba, sauti tamu, besi imetulia. Shemeji alifunga macho. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Kumbe elimu ni kitu." Shemeji akampigia simu kaka yake aliyeko Dar, akaiweka simu karibu na spika ili asikie, akamwambia, "Injinia tunaye ndani, sisi tulikuwa tunahangaika nje." Nililala usingizi mzuri mno.

Naona mtu ameshaandika "pole Madam" na sijafika hata kwenye jambo lenyewe. Subiri kwanza.

Jumapili. Mapambo yalikuwa ya njano, zambarau na dhahabu. Hizo rangi zikipangwa hivyo kwenye rezista ni omu 4.7, nilimwambia mama wa mapambo, akanijibu kwamba maua yaliyobaki hayarudishwi. Amplifaya ilikuwa mezani pembeni ya jukwaa, na mama huyohuyo alipoiona akasema boksi lile linamharibia picha. Akalifunika satini ya zambarau, mikunjo mizuri, akalizungushia utepe wa dhahabu. Likapendeza. Matundu yote ya kupumulia yakazibwa.

Dijei alikuwa kijana wa bodaboda wa pale kona. Kwake yeye kitufe cha sauti kina sehemu mbili tu, kimezimwa na mwisho. Jua lilikuwa lile la saa nane la Moshi, mlima umejificha, hewa haitikisiki chini ya turubai. Emsii alikuja na kispika chake cha kuchaji, kile chenye magurudumu, maiki yake isiyo na waya inapokelewa humo, halafu akachomeka waya mmoja kutoka kwenye kispika hadi kwenye amplifaya yetu. Nikamwambia, "Hicho unaweza kukizima, leo tuna mtambo." Akasema ataacha tu kikiwa kimewashwa, kwa mazoea. Mungu na ambariki, au la, sijaamua.

Mziki ukapigwa. Ndafu ikaingia na wimbo wake, imeng'ata majani, watu wamesimama viti vyote, sauti hadi mtaa wa Soweto. Emsii akanitambulisha. "Sauti mnayoisikia leo, ndugu zangu, ni kazi ya mikono ya mama mdogo wa mtoto wetu, Madam wa fizikia, naomba asimame!" Nikasimama. Meza mbili zikapiga makofi na miluzi. Nikapunga mkono. Nilipunga, jamani, mikono yote miwili.

Halafu akaitwa Bibi atoe baraka.

Bibi ni mama yake Shemeji, ameshuka asubuhi kutoka Marangu kwa Noah, kakalia kiti cha mbele. Sauti yake ni ndogo. Emsii akampa maiki, akamwashiria dijei aongeze. Dijei akamjibu kwa mabega kwamba kitufe kimefika mwisho tangu asubuhi. Turubai zima likanyamaza ili Bibi asikike.

"Mjukuu wangu," Bibi akaanza.

Na mimi, kwenye ule ukimya, nikasikia mmmmmm.

Kidogo sana. Bibi naye akasikia. Akanyamaza, akageuza uso taratibu kutazama watu, na nikaona macho yake yanalegea kwa furaha. Alidhani tunamwitikia. Akasema, "Asanteni," akaendelea. "Mjukuu wangu, leo umekuwa mtu mzima mbele za Mungu." Mmmmmmmm. "Asanteni sana wanangu."

Nilijua. Kwenye kile kiti, sahani ya ndizi nyama magotini, nilijua kila kitu kwa wakati mmoja, na kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyowahi kukifundisha. Transista ikipata joto inakuwa nyepesi kufunguka. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, volti inayohitajika kwenye beisi inashuka kwa karibu milivolti 2. Kwa hiyo umeme unaongezeka, hata kama hakuna anayeimba. Umeme ukiongezeka, joto linaongezeka. Joto likiongezeka… mnaona linakokwenda. Na zikiwa mbili bega kwa bega, ile yenye joto zaidi inanyang'anya mzigo wa mwenzake.

Kitu pekee kinachokatisha huo mzunguko ni ile rezista inayokaa kwenye mguu wa emita. Omu 0.22, ile niliyoiita urembo. Zikipita ampea 5, inakula volti 1.1, na volti hizo zinatolewa kwenye fungu la beisi. Transista inajifunga yenyewe kidogo, inapoa, maisha yanaendelea. Ndogo kwenye mita, lakini kwenye ampea tano ndiyo mwenye nyumba. Mimi pale nilikuwa nimeweka waya wa shaba uliokunjwa vizuri. Juu yake satini.

Harufu ikaanza. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Nani anaunguza vitunguu?" Shemeji, ambaye pua yake ipo kwenye gharama, akamtuma kijana akaangalie jikoni. Mwalimu wa Kiswahili akaangalia ndafu kwa wasiwasi. Mimi nikaanza kuinuka pole pole, nikijifanya nafuata soda, huku nikihesabu umbali hadi kwenye soketi. Katikati kulikuwa na wazee wa kanisa, miguu imenyooshwa.

"Na baba yako," Bibi anasema, "akutunze, na mama yako akutunze…"

Mmmmmmmmmmmm.

"…na mama yako mdogo, aliyetuletea sauti hii…"

PA!

Hiyo tanakali naikubali, ilikuwa hivyo. Transista moja ikafa, na transista za namna hii mara nyingi zikifa hazikatiki, zinaungana: kolekta na emita zinakuwa kitu kimoja, na umeme wote wa ndani ya amplifaya unamwagika moja kwa moja kwenye spika. Koni ya spika ya kulia ikaruka nje na haikurudi. Imetuna, imeganda, inatetemeka, inatoa GUUUUU moja bila kupumzika. Volti kama 40 kwenye omu 8 ni ampea 5, wati 200 zinazoingia kwenye koili nyembamba ya waya bila muziki wowote ndani yake, joto tupu. Fyuzi ingekuwa fyuzi ingekatika hapo. Ile ilikuwa karatasi ya sigara. Moshi ukatoka kwenye tundu la spika, mweupe, wa taratibu, ukampitia Bibi begani.

"Mae!" Bibi akasema, akakaa. Kwenye kiti. Kwa hiari.

Emsii akadaka maiki. Mimi nikaruka miguu ya wazee wa kanisa, kiatu kimoja kikabaki kwao. Kijana mmoja wa jikoni akatokea mbio na jagi la maji ya kunawia, nikampigia kelele asimwage, akaganda jagi likiwa hewani. Dijei ameinua mikono juu mbali na vitufe, kuonyesha hajagusa kitu. Emsii naye, kwa ile kazi yao, akiona mtu anafungua mdomo lazima ampelekee maiki. Akaja nyuma yangu mbio, sikumwona, mkono umenyooka.

Nikamwambia dijei, au nilidhani namwambia dijei peke yake, "Zima! Zima ukutani! Transista zimekufa, mimi sikuweka rezista, niliweka waya!"

Ikatoka safi. Kila neno. Kile kispika cha magurudumu kilikuwa kizima kabisa, sauti yake nyororo, na sekunde ileile Shemeji alikuwa amechomoa waya ukutani, kwa hiyo GUUUU ilinyamaza na ikabaki sauti yangu peke yake, ikizunguka Pasua. "…rezista, niliweka waya!"

Kimya.

Kisha kutoka meza ya kwanza, mtoto mmoja ambaye tangu muhula uanze hajawahi kujibu swali langu hata moja, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Madam hakuweka rezista?"

Emsii yule ni mtu mwenye kipaji, na kazi yake ni kujaza pengo. Akazigeukia zile meza mbili. "Wanafunzi wa Madam, hebu tusaidieni sisi wazazi. Rezista ni kitu gani?"

Wakasimama. Wote. Kwa sauti moja, kwa ile adabu niliyowafundisha mwenyewe: "Ni kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme!"

"Na kisipowekwa?"

Hawakusema kitu. Walinyoosha vidole, mikono zaidi ya thelathini, kwenye spika. Mwenye kipaimara alikuwa ameweka uso ndani ya maua ya njano.

Shemeji alicheka mwisho wa wote na ndiye aliyechelewa kuacha. Mengine yalikwenda haraka: sherehe ilimalizikia kwenye kispika cha magurudumu, keki ikakatwa, zawadi zikatolewa, Bibi akarudia baraka tangu mwanzo na kwenye sehemu yangu akaruka. Kiatu nimekipata. Gharama ya mtambo wa kukodi ingekuwa ndogo kuliko spika mpya, hilo Dada amenieleza kwa hesabu, akitumia karatasi ileile ya michango.

Jumatatu Shemeji akanichukua pamoja na boksi hadi kwa yule mzee wa barazani Mbuyuni. Nikampa shikamoo. Akafungua, akaviona vile vipande vya shaba, akakaa navyo kimya, kisha akamwita mwanafunzi wake: "Hebu njoo uone hapa."

"Nani alitengeneza?" mzee akauliza.

"Shemeji yangu huyu," akasema Shemeji. "Anafundisha fizikia."

"Ahaa," akasema mzee. Hakuongeza neno. Akavuta kutoka chini ya meza kopo la Blue Band, limejaa rezista nyeupe za saruji hadi mdomoni, akahesabu nne, akaniwekea kiganjani kama dawa, na pesa akakataa.

Shuleni salamu imebadilika. Nikiingia darasani wanasimama, wananisalimia vizuri, halafu mmoja wa nyuma anaguna mmmmm na wengine wanamjibu "asanteni". Mkuu wa shule ameniita kunipa pole na akauliza kama kengele ya umeme ya shule niliigusa.

Mtihani wa muhula nilishautunga kabla ya haya yote. Swali la 9 liliuliza kazi ya rezista kwenye emita, alama tano. Nimelifuta leo asubuhi. Wangelipata wote, hadi wale wasiokuja shule.